Si ubahili tu, kaka
Kaka, unasema wanaocheza gemu za wizi, yaani nakala zisizolipiwa, ni mabahili tu. Tazama Polandi miaka ya 1990: nakala bandia ziliuzwa hadharani sokoni kwa bei ya kutupa. CD Projekt, kampuni ya gemu ya huko, walipoleta gemu ya kompyuta Baldur's Gate mwaka 1999, waliitafsiri kwa Kipolandi, wakawapa waigizaji maarufu kazi ya sauti, na ndani ya boksi wakatia ramani na kitabu. Ilikuwa ghali kuliko ya sokoni, na bado watu waliinunua kwa wingi. Mimi nilianza kulipia siku nilipochoka kupiga windo (Windows) upya kwenye kompyuta kila nakala ya bure ilipoleta virusi. Ila bei nayo, sikatai: mshahara laki tatu, gemu laki na nusu, wapi na wapi!