Je, Kisukari cha Mume Wangu Kinaweza Kuniambukiza?

SWALI: Nimeolewa katika familia ambayo mama mkwe ana kisukari, shemeji yangu mkubwa anacho, na hivi karibuni mume wangu naye amegundulika kuwa nacho. Jirani amenishauri nitenge vyombo vyangu na vya wanangu, kwa hoja kwamba ugonjwa unaowapata watu watatu wa nyumba moja lazima uwe wa kuambukiza. Tena binti yangu amepewa chanjo ya kuzuia saratani ya shingo ya kizazi. Ikiwa saratani haiambukizi, chanjo hiyo ni ya nini? Naomba mnifafanulie tofauti ya magonjwa ya kuambukiza na yasiyo ya kuambukiza. Niongeze kwamba wagonjwa wetu wote watatu hupima sukari kwa kifaa kimoja.
Mama wa watoto wawili

JIBU: Ndugu msomaji, vyombo usivitenge. Kisukari hakipiti kwenye kikombe, kitandani, kwenye jasho wala katika tendo la ndoa.

Ugonjwa huitwa wa kuambukiza pale unaposababishwa na virusi, bakteria, fangasi au vimelea vingine vinavyoweza kutoka kwa mtu, mnyama au mazingira na kuingia katika mwili wa mtu mwingine. Kila kimoja kina njia yake: kifua kikuu husafiri kwa hewa, kipindupindu kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi, malaria kwa mbu. Ugonjwa usio wa kuambukiza hauna msafiri wa namna hiyo. Katika kisukari cha aina ya pili, ambacho ndicho kinachowapata watu wengi zaidi, mwili hushindwa kuitumia ipasavyo insulini, yaani homoni ya kuingiza sukari katika seli, na kongosho linaloitengeneza hulemewa, hivyo sukari hubaki kwenye damu. Hapo hapana kitu cha kumrukia mwingine. Urefu wa ugonjwa nao si kipimo, kwa kuwa UKIMWI hudumu maisha yote na bado virusi vyake huambukiza.

Hoja ya jirani yako inastahili kujibiwa kwa makini, kwa sababu historia imewahi kuipindua kwa upande wa pili. Katika karne ya 19 watu wengi wa Ulaya, wakiwamo madaktari, waliamini kwamba kifua kikuu ni ugonjwa wa kurithi, maana kiliwapitia watu wa nyumba moja mmoja baada ya mwingine. Mwaka 1882 daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza mjini Berlin kwamba amekiona kijidudu chake. Ushahidi uleule, yaani wagonjwa kadhaa chini ya paa moja, uliwafanya wale wadhani ni urithi na unamfanya jirani yako adhani ni maambukizi. Kwenu, mama na wanawe wanashirikiana damu, na pengine pia mlo na mazoea ya kukaa bila kuushughulisha mwili. Wewe hukuzaliwa katika ukoo huo, lakini mnakula chungu kimoja, kwa hiyo ni busara upime sukari yako. Wanao nao, ambao damu hiyo wanayo, wajue mapema kwamba hatari kwao ni kubwa kuliko kwa wengine.

Kuhusu chanjo ya binti yako, saratani yenyewe haimtoki mgonjwa ikamwingia mwenzake. Kinachoambukiza ni virusi vya papiloma, vinavyojulikana kwa kifupi kama HPV, ambavyo hupita kwa kujamiiana na ndivyo vinavyosababisha takriban saratani zote za shingo ya kizazi. Mara nyingi mwili huviondoa wenyewe. Kwa wanawake wachache hubaki kwa miaka mingi vikizibadilisha seli taratibu. Harald zur Hausen, mwanasayansi Mjerumani aliyeuonyesha uhusiano huo, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Chanjo hutolewa kwa wasichana wadogo kwa kuwa inafaa zaidi kabla hawajakutana na virusi. Homa ya ini ya aina B, ambayo nayo ina chanjo, huweza kuishia katika saratani ya ini kwa mtindo unaokaribiana na huo. Kwa maoni yangu, kuyagawa magonjwa katika makundi mawili kunasaidia kupanga huduma kuliko kunavyoeleza yanayotokea mwilini.

Jambo lililonishtua katika barua yako ni hilo ulilolitaja mwishoni, la wagonjwa wenu kupimia kifaa kimoja. Kisukari hakiambukizi, lakini damu inayobaki kwenye sindano ya kutobolea kidole, au kwenye kishikio chake, inaweza kubeba virusi vya homa ya ini B, na watu wamewahi kuambukizwa kwa njia hiyo. Kila mmoja awe na kishikio chake, na sindano itumike mara moja na kutupwa. Mashine ya kusomea sukari ikibidi itumiwe na wote, isafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu kila baada ya kupima. Kalamu ya insulini, yaani kifaa cha kujidungia dawa hiyo, haiazimwi kabisa, hata ikibadilishwa sindano.