Kabla hujamlaumu mbwa: yaliyonikuta mimi na Tatu usiku wa Kentucky

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa kijana mmoja yuko Iowa. "Shikamoo kaka. Nimenunua mtoto wa mbwa wa kuwinda rakuni, ana miezi mitano. Nimemtoa usiku mara mbili, kazi yake ni kukaa miguuni kwangu na kulialia. Nimrudishe au nivumilie?"

Marahaba mdogo wangu. Usimrudishe. Ila ungeniuliza hivyo miaka miwili nyuma ningekujibu kwa majivuno na ningekupoteza njia. Leo nakujibu nikiwa nimeshaumbuka mbele za watu, kwa hiyo kaa chini, habari ni ndefu.

Kwa mliofika hapa kwa bahati mbaya: rakuni ni mnyama wa huku Marekani, ukubwa wa paka aliyeshiba, mkia una pete, usoni kama kavaa barakoa ya kibaka, na vidole vyake vinafungua pipa la taka kuliko vya mwanangu. Hutembea usiku, na akifukuzwa hupanda mti. Kazi ya mbwa ni kunusa alikopita, kumfuata huku akitoa sauti ili umsikie ukiwa mbali, halafu kusimama chini ya mti na kubweka hadi ufike. Kuna koo za mbwa zilizozalishwa kwa kazi hiyo tu. Wangu ni Treeing Walker, mweupe mwenye mabaka meusi na ya kahawia, na mimi naishi Madison County, Kentucky, nyumbani kwao kabisa. Husimuliwa kwamba mwaka 1852 bwana mmoja wa hapa, George Washington Maupin, alipata dume lililotolewa Tennessee (wengi husema liliibwa), wakaliita Tennessee Lead, na damu yake ndiyo ikaleta mbwa hawa. Yaani nanunua maziwa kwenye mji ambao babu wa mbwa wangu ni mtu wa historia.

Na mimi nilikuja na historia yangu. Nimekulia kijiji cha karibu na Songea, na tulikuwa tunawinda ndezi kwenye matete ya mtoni kwa mbwa ambao hakuna aliyewahi kuwafundisha kitu. Walikula ukoko, walilala jikoni kwenye majivu, na siku ya kwenda porini mdogo alimfuata mkubwa, basi. Kwa hiyo nilipomchukua Tatu nilijiona profesa. Jina alilipata kwa sababu alikuwa wa tatu kutoka kwenye boksi. Wamarekani wakisikia "Tatu" wanadhani nasema "tattoo", wananiangalia mikono kutafuta michoro.

Mwanzo ulikwenda vizuri mno, na hilo ndilo lililoniponza. Ng'ambo ya barabara yupo mzee mmoja ana mbwa wa aina ya Bluetick, jina lake Duke, masikio yamechanika kama khanga ya jikoni. Mzee alinipa ngozi ya rakuni iliyokauka. Tatu akiwa na miezi mitatu na nusu nikawa naifunga kamba, naiburuta kwenye majani, naitundika kwenye tawi la chini, kisha namfungulia. Siku ya nne alifuata mstari wote, akafika, akanyanyua miguu ya mbele akaiweka kwenye shina na kubweka. Nilipiga kelele hadi mke wangu akatoka nje na mwiko mkononi.

Miezi iliyofuata naipita. Ni kutembea, kulisha, kufundisha kuja akiitwa, kumzoesha gari na mlio wa risasi, na kuokota mavi. Fanyeni hayo, hakuna njia ya mkato.

Sasa tuje kwenye aibu.

Tatu alipofika miezi minane nilianza kumtoa na Duke. Ilikuwa raha tupu. Duke anapata harufu, anaitoa ile sauti yake ndefu kama mtu anayeita mtumbwi ng'ambo ya mto, Tatu anaunga. Duke anafika kwenye mti, sauti inakuwa fupi fupi, ya kukatakata, Tatu anafika na yeye anakata. Nikawa nawaambia watu mbwa wangu ameiva. Hakuwa ameiva. Alikuwa amejifunza kukimbilia sauti ya Duke. Rakuni mwenyewe hakuwa kwenye hesabu yake. Mwenye macho angeliona hilo wiki ya pili, lakini mimi macho yalikuwa kwenye simu, narekodi.

Ikaja Jumamosi nikawaalika jamaa watatu wa kazini, Wakenya wawili na Mkongo mmoja, waje kuona. Duke alikuwa anaumwa mguu, nikamtoa Tatu peke yake. Akazunguka, akalia kidogo, akasimama kwenye mti mmoja akabweka. Nikamulika. Mti mtupu. Majani yameshapukutika, hakuna tundu, hakuna kitu juu zaidi ya nyota. Na jamaa wamesimama nyuma yangu, wamevaa viatu vya mjini, wanasubiri. Nikasema, "Amejificha tu huyo." Nikampapasa Tatu, nikampa kipande cha soseji, nikamsifia kwa sauti kubwa, video ikaenda kwenye grupu. Makofi yakaja mengi sana.

Unaona nilichofanya? Nilimlipa mbwa mshahara kwa uongo. Tena si mara moja. Mwezi ule nilipeleka wageni mara nne.

Kisha nikamwingiza kwenye mashindano ya klabu moja. Yanakwenda hivi: mbwa wanne, wenye mbwa wanne, na mwamuzi. Mbwa wako akilia kwenye harufu unamtaja jina. Wa kwanza anapewa 100, anayefuata 75, halafu 50 na 25. Anayetajwa wa kwanza kwenye mti anapewa 125. Lakini mti ukionekana mtupu, alama zako zote hapo zinageuka kuwa hasi. Tatu alilia wa kwanza, nikamtaja. Akawa wa kwanza kufika mtini, nikamtaja tena, kifua mbele. Tulipofika tukamulika na taa tano. Mwaloni mwembamba, uchi, usingeweza kuficha hata shomoro. Hasi 225.

Hilo ningelimeza. Kilichonikaa ni jamaa mmoja aliyesema, polepole, kama anajisemea: "Labda anaona rakuni wa Afrika." Wakacheka. Afrika haina rakuni, ningemwambia, lakini koo lilikuwa limekauka. Ni mwaka na nusu sasa na bado nikiosha vyombo namjibu.

Hasira ile sikuimaliza kwa yule mtu. Niliimalizia kwa mbwa. Nilinunua kola ya umeme, ile yenye rimoti, nikajiambia safari hii hatanidanganya. Wiki iliyofuata, tuko wawili tu kwenye kijito nyuma ya shamba la mahindi, Tatu akasimama kwenye mti mkubwa mweupe wa kando ya maji akabweka. Nikamulika juu mara moja, haraka haraka, sikuona kitu. Nikabonyeza. Alipiga ukelele ambao sipendi kuukumbuka, akarudi nyuma, mkia tumboni. Ndipo nikasikia juu kitu kinakwaruza. Nikamulika tena, polepole. Kwenye pango la mti, kama mita nane juu, macho mawili.

Alikuwa amesema kweli.

Baada ya hapo, kwa miezi miwili, Tatu alifuata harufu vizuri tu, lakini akifika kwenye mti ananyamaza, anarudi, anakaa nyuma yangu. Akidanganya analishwa soseji, akisema kweli anachomwa. Wewe ungefanyaje?

Nilikwenda kwa yule mzee nikamweleza yote, hata ya soseji. Hakunitukana. Aliendelea kumkuna Duke, akasema, "Hiyo kola ivue. Usimtoe na mbwa mwingine mpaka nikuambie. Na ukikuta mti mtupu usiseme neno, mfunge kamba muondoke." Ndiyo ushauri wote niliopewa, na kwa kweli ndio wote ninaoweza kukupa wewe wa Iowa. Mengine ni nyongeza.

Nyongeza zenyewe: sifa ziwe kwa rakuni uliyemwona kwa macho, basi. Ukifika mtini usiwe na haraka, zunguka, mulika kutoka pande zote, kwa sababu rakuni hujibana upande wa pili wa shina. Kwa taa nyekundu au ya njano hafichi macho kama anavyoyaficha kwa nyeupe. Mti wenye pango si mti mtupu. Hujaona kitu lakini kuna tundu? Basi hujui, na kama hujui usimwadhibu wala usimlishe. Kola ya umeme ina kazi yake kwa mbwa mkubwa anayekimbiza paa, tena umemwona kwa macho akimkimbiza paa. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, lakini hawakusema mkunje kwa betri.

Chanjo ya kichaa cha mbwa usiikose, rakuni wa huku wanacho. Akiumwa au kukwaruzwa na rakuni, mpeleke kwa daktari wa mifugo hata kama amechanjwa, kisha mwangalie wiki mbili. Ukiona miguu ya nyuma inalegea na sauti inabadilika, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, kwani kuna ugonjwa wa kupooza unaowapata mbwa hawa baada ya kuumwa na rakuni. Wengi hupona, ila kwa kuuguzwa wiki nyingi.

Na hili nalisema kwa sisi tusiofanana na majirani zetu. Mtu mweusi mwenye taa kichwani, kwenye shamba la mtu, saa sita usiku: usiache watu wakisie. Kuwa na leseni ya kuwinda ya jimbo lako, ruhusa ya mwenye shamba iliyoandikwa, na siku yenyewe mpigie simu kabla jua halijazama. Mimi humpigia na jirani yake pia.

Turudi kwa Tatu. Nilikaa wiki sita bila kuwinda. Tulikuwa tunatembea tu mchana, kamba mkononi, kola ya umeme iko kwenye droo. Halafu nikarudi kwenye ngozi na tawi kama mtoto wa chekechea. Watu wa grupu waliuliza video ziko wapi, nikatoka kwenye grupu. Ndugu zangu, wengi wetu tuliokuja huku tuna ugonjwa huu: tunataka tuonekane tumefika kabla hatujafika. Tunapiga picha na gari la mkopo. Mbwa hajui mkopo. Anajua ulichomfundisha jana, na usipomfundisha ukweli atakuonyesha uongo wako mwenyewe mbele ya mwamuzi. Nasema kwa ukali kwa sababu nilikuwa wa kwanza kwenye foleni hiyo.

Wiki tatu zilizopita, mvua ilinyesha mchana ikakatika jioni, upepo hamna, majani yamelowa. Usiku kama huo harufu inakaa chini. Saa nne na nusu nikamfungulia ukingoni mwa shamba lililovunwa. Dakika ishirini, kimya. Kisha mlio mmoja, mrefu, upande wa kijito. Kimya tena. Amepoteza. Kidole kilikuwa kwenye filimbi ya kumwita, nikakitoa. Nikakaa juu ya mkono wangu, kweli kabisa, kama mtoto darasani.

Baada ya kama dakika kumi akalia tena, sasa ng'ambo ya maji, akakaza, akaenda. Kifaa cha GPS, kinachonionyesha mbwa alipo, kikasema yadi 340. Akanyamaza, na roho yangu ikashuka, maana hapo ndipo alipokuwa anarudi. Hakurudi. Likatoka bweko moja fupi, kama anauliza. Halafu la pili. Halafu akaanza kukata, bila kupumzika, na mimi nikaingia majini na viatu.

Nilimkuta miguu ya mbele imejaa tope, kucha zimeshachana gamba la mti, anabweka akiangalia juu, hata hakugeuka kuniona. Nikazunguka mti. Nikazunguka tena. Upande wa kaskazini, kwenye panda ya matawi, rakuni mkubwa ametulia anatuchungulia kama mpangaji anayesikia mwenye nyumba anagonga. Bunduki sikuwa nayo, na wala sikuitaka. Nilipiga magoti kwenye tope nikamkumbatia mbwa, na kama nililia ni shauri langu. Soseji alikula nzima.

Asubuhi nilimwambia mzee. Akauliza, "Alikuwa peke yake?" Nikasema ndiyo. Akaingia ndani, akatoka na kahawa mbili.

Sasa wewe wa Iowa. Miezi mitano bado ni mtoto, na anayekaa miguuni kwako anakuambia anaogopa, hajakuambia kwamba hafai. Usimsukume, usimfokee, na usimbembeleze sana. Mpeleke msituni jua likiwa bado lipo, tafuta gogo, kaa, na giza likukuteni hapo hapo mkiwa mmekaa. Usimtume popote. Atasogea hatua tatu, atarudi, atasogea kumi. Fanya hivyo wiki mbili kabla hujafikiria rakuni. Na taa izime. Na simu.