Anza na mazoezi

Kaka umeuliza ile dokumentari ya 1970 ya Elvis Presley, yule mwimbaji wa Marekani (inaitwa That's the Way It Is), ni shoo tupu au na stori imo. Vyote vimo, ila mi utamu niliuona kwenye mazoezi, jamaa anawatania wapiga vyombo wake, wanacheka weee, ndo baadae anapanda jukwaani Las Vegas, na kumbuka miaka ya sitini karibu yote alikuwa bize na muvi, shoo za laivu karudi 1969. We tafuta ile iliyohaririwa upya 2001, mahojiano ya mashabiki wameyakata wakaongeza nyimbo. Sisi huku Mtwara tuliichekia Shangani kwa laptop ya mshkaji, korosho mezani (za kubanguliwa bana), mpaka chaji ikakata nyimbo mbili kabla ya mwisho.