Gari la Kispoti la Kila Siku: Tafuta Wepesi Kabla ya Nguvu

Ukiendesha Dar es Salaam unajua mwendo unaoutumia kweli. Asubuhi ni foleni ya Barabara ya Morogoro au ya Bagamoyo, kwenye makazi kikomo ni kilomita 50 kwa saa, na ukitoka nje ya mji tochi za trafiki za kupima mwendo ziko njia nzima. Kwa hiyo anayetaka gari la kumpa raha kila siku asianze kwa kuuliza lina nguvu farasi ngapi. Aulize kama linachangamka likiwa kati ya 30 na 80. Gari ambalo mpaka lifike 140 ndipo linoge utalilisha mafuta wiki nzima bila kulifaidi, na siku utakayolifungulia utakuwa unahatarisha maisha ya watu.

Mimi natembelea Suzuki Swift Sport ya manyuali, toleo la ZC32S lililotengenezwa kuanzia 2011 hadi 2016. Injini yake ni cc 1,586, haina turbo (kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi), nguvu farasi 136. Ukilitaja mbele ya mwenye Toyota Mark X ya cc 2,500 yenye nguvu farasi 203, hatashtuka. Lakini weka na uzito mezani. Swift hii ina kama kilo 1,050, Mark X inazidi kilo 1,500. Ukigawanya, kwa magari yote mawili kila nguvu farasi moja inabeba kilo saba na ushee. Yaani kwa mzigo yanakaribiana, ila jepesi linasimama kwa breki ndogo, halili matairi ovyo, na kwenye kona linafuata mkono wako papo hapo.

Kama unataka kuonja tofauti hiyo, nenda Mombo upande Lushoto. Ni lami nyembamba ya kilomita thelathini na kitu, kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na bonde upande wa pili. Kule huwezi kukimbia na haifai kukimbia. Gia ya pili, ya tatu, unarudi ya pili, usukani unakuambia tairi la mbele linafanya nini, na uko kwenye 40 tu. Raha ninayoizungumzia ni hiyo, na naipata hata nikitoka kazini jioni barabara ikiwa imefunguka kidogo.

Kasoro kubwa ya Swift Sport kwa huku kwetu ni kwamba iko chini: kutoka ardhini ni kama sentimita 13. Tena inakuja na matairi ya 195/45 rimu 17, ambayo ukuta wake, yaani mpira wa ubavuni kati ya rimu na barabara, hauzidi milimita 88. Shimo moja la Mbezi baada ya mvua linatosha kupinda rimu. Dawa niliyoipenda ni kushuka rimu 16 na kufunga 195/55. Ukuta unafika milimita 107, gari linapanda kidogo, na tuta halikuumizi mgongo. Rimu kubwa zinapendeza kwenye picha, lakini kwa barabara zetu mpira ndio unaokuokoa. Spesa za kunyanyulia gari sizishauri. Zinaharibu ule utulivu wa kwenye kona uliokufanya ulinunue.

Sasa, kama kutoka lami hadi nyumbani kwako ni kilomita mbili za makorongo, usijitese na Swift. Angalia Subaru Forester XT, ile ya 2008 hadi 2012 yenye injini ya EJ20 ya turbo, nguvu farasi 230. Iko juu zaidi ya sentimita 20, inavuta magurudumu yote manne, nyuma unapakia madumu na gunia la mkaa. Ila hiyo inataka mmiliki mwenye nidhamu. Injini inatumia mkanda wa taimingi, ule unaofanya valvu na pistoni ziende kwa mpangilio. Ukikatika, valvu zinagonga pistoni na injini imekwenda. Kama muuzaji hana uthibitisho kwamba ulibadilishwa, weka gharama hiyo kwenye bei kabla hujakubaliana. Oili nayo ni kila kilomita 5,000, bila visingizio. Swift Sport inatumia cheni, hilo halikusumbui.

Kwa mwenye watoto wawili na asiyetaka klachi kwenye foleni, ningesema Mazda Axela ya kuanzia 2013. Hata ya cc 1,500 ina usukani mtamu, na otomatiki yake ni ya gia sita halisi, si CVT, ile otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua. Swift Sport ya CVT siipendekezi, inakunyima nusu ya gari.

Vijana wengi wananiuliza kuhusu Toyota Altezza. Ni gari zuri mno, linasukumwa na magurudumu ya nyuma, na lile la manyuali la gia sita lenye nguvu farasi 210 linaimba. Lakini uzalishaji wake uliisha 2005, na mengi yaliyobaki yamekatwa springi, yamebadilishwa ekzosi na yamechezeshwa drifti. Kupata ambalo halijaguswa kunataka subira.

Ukiagiza Japani, usidanganywe na bei ya gari pekee. Kwa Tanzania kuna ushuru wa forodha asilimia 25, ushuru wa bidhaa asilimia 5 kwa injini inayozidi cc 1,000 hadi 2,000 na asilimia 10 kwa inayozidi hapo, kisha VAT asilimia 18. Juu yake kuna ule wa uchakavu: gari lililozidi miaka 8 hadi 10 ni asilimia 15 nyingine, likipita miaka 10 ni 30. Ingia kwenye kikokotoo cha TRA ukiwa na mwaka na modeli kamili kabla hujatuma hata senti. Na dai karatasi ya mnada, ile ripoti ya ukaguzi wa gari kwenye mnada wa Japani. Ukiona daraja R au RA, gari liligongwa likatengenezwa, na magari ya kispoti ya namna hiyo ni mengi.

La mkononi hapa nchini, mwambie mwenyewe asiliwashe mpaka ufike. Moshi wa bluu huonekana injini ikiwa ya baridi. Vuta handbreki, weka gia ya tatu, achia klachi taratibu. Injini isipozima, klachi imekwisha. Angalia kama matairi yameliwa upande mmoja. Halafu pakia watu wanne, mpite kwenye matuta ya mtaani kwako mwenyewe, si kwenye lami nzuri aliyoichagua muuzaji. Likigusa chini siku hiyo, litagusa kila siku, na hapo hata akupunguzie bei, liache.