Kabla Hujakubali Kwamba Tyubu Imekufa

Masika yalikuwa yamekolea hapa Tanga siku bibi mmoja wa Ngamiani alipofika na mjukuu wake kwenye kibanda changu cha ufundi wa TV. TV yao ya chogo, ile ya zamani yenye tyubu, yaani chupa kubwa ya kioo inayoonyesha picha, inchi 21, ilikuwa juu ya mkokoteni, imefunikwa turubai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa hii tyubu yake imekufa, nikaiuze chuma chakavu. Niangalizie na wewe."

Nikaiwasha. Sauti ilitoka safi kabisa, lakini katikati ya kioo kulikuwa na mstari mmoja mweupe uliolala kutoka kushoto hadi kulia, mwembamba kama uzi, mkali wa kuumiza macho. Juu giza, chini giza. Nilifurahi kuuona. Tyubu iliyokufa haina nguvu ya kuchora mstari mkali namna ile. Mstari huo unakuambia tyubu ni nzima, umeme mkubwa upo, na picha inatanuka vizuri kwenda pembeni. Kilichokosekana ni kutanuka kwenda juu na chini tu. Hapo jambo la kwanza ni kupunguza mwanga haraka au kuzima, maana mstari ukikaa muda mrefu unaunguza ule unga uliopakwa nyuma ya kioo, na kovu lake halitoki.

Nilipoifungua nikaifuata IC, kile kidude cheusi chenye miguu mingi, inayotanua picha juu na chini, ile iliyofungwa kwa skrubu kwenye bati la kupozea. Nikaipindua bodi na kuisogeza chini ya taa. Mguu mmoja wa IC ulikuwa umezungukwa na duara jeusi, jembamba kama unywele. Risasi, ile ya kulehemu, ilikuwa imepasuka. Kila siku TV inapata moto inapowashwa na inapoa inapozimwa, na baada ya miaka mingi ya kutanuka na kunywea, kiungo kinaachia. Nikanyonya risasi ya zamani, nikalehemu upya, picha ikarudi. Ila kichwa cha mtangazaji kilikuwa kimejikunja juu kidogo, kwa hiyo nikabadilisha na kapasita mbili za karibu na lile bati, vile vitunza chaji vya umeme vyenye umbo la kopo. Joto huzikausha, na zikikauka picha hufupika au hujikunja upande wa juu.

Nimeeleza kisa hiki kirefu kwa sababu kinaniuma kuona TV nzima zinapelekwa kwa wanunuzi wa chuma. Picha mbovu huwa inasema yenyewe ni wapi panaumwa, mradi uiangalie kwa utulivu kabla ya kushika bisibisi.

Ukiwa nyumbani, anza na kilichoko nje ya TV. Tangu mitambo ya kurushia matangazo ya analojia ilipoanza kuzimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, TV hizi zinategemea king'amuzi, kwa hiyo kuona chenga tupu kwenye chaneli za zamani si ugonjwa. Iweke kwenye AV, njia ya kupokea picha ya king'amuzi kwa nyaya. Picha ikiwa mbaya, bonyeza menyu ya TV yenyewe, siyo ya king'amuzi. Maandishi ya menyu yakitokea yamenyooka na yana rangi zake huku picha nyuma yake ni mbovu, TV haina kosa; kagua king'amuzi na nyaya. Picha ikigeuka nyeusi na nyeupe na kupanda juu bila kutulia, angalia kama king'amuzi hakijawekwa kwenye NTSC, mfumo wa rangi usio wetu. Kirudishe kwenye PAL, mfumo wa kwetu. Nimeletewa TV kutoka Pangani kwa tatizo hilo hilo, nauli ya kwenda na kurudi, na dawa ilikuwa rimoti.

Doa la kijani au zambarau kwenye kona ya kioo nalo watu hudhani tyubu imeungua. Siku hizi sababu kubwa ni sabufa. Sumaku ya spika ikikaa karibu na kioo huivuta mionzi ikaangukia rangi isiyo yake. Isogeze sabufa mbali, zima TV kwenye swichi yake kubwa, siyo kwa rimoti, uiache ipoe nusu saa kisha uwashe. TV nyingi zina koili inayozunguka kioo ambayo hufuta sumaku kwa sekunde chache za mwanzo. Ndiyo ile sauti ya "duum" unayoisikia. Kama sogeza-zima-washa ya mara nne tano haijaondoa doa, na "duum" huisikii kabisa, mwambie fundi apime posista, kifaa kidogo kinachoipa koili hiyo umeme kisha kuukata.

Sisi wa pwani tuna ugonjwa wetu. Asubuhi ya mvua unawasha TV, mwanga upo wa kutosha, rangi zipo, lakini kila kitu kimefifia kingo kama unatazama kupitia chandarua. Maandishi ya taarifa ya habari hayasomeki. Baada ya robo saa picha inajikaza yenyewe. Unyevu na chumvi ya bahari vimeingia kwenye soketi iliyovaa shingo ya tyubu, na ukiifungua utakuta kutu ya kijani kwenye chumba kidogo cha ule waya wa fokasi, yaani wa kukaza picha. Kuizungusha fokasi hakusaidii kwa muda mrefu, soketi ibadilishwe. Tyubu iliyochoka kweli ina sura nyingine: inachelewa kuonyesha, picha ni ya giza, na sehemu nyeupe kama shati au kanzu zinatapakaa mithili ya rangi mbichi iliyopitiwa na kitambaa. Hiyo ndiyo nitakuambia usiipotezee pesa.

Hapa nawaomba sana vijana wanaojifunza kazi. Nyuma ya flaibeki, ile transfoma inayotengeneza umeme mkubwa wa tyubu, kuna vifundo viwili vya kuzungusha, kwa kawaida cha juu ni fokasi na cha chini ni skrini, kinachopandisha mwanga. Usizungushe cha chini ili kuing'arisha TV yenye giza. Utaona mwanga umeongezeka na mistari myembamba myeupe imekatiza kioo kizima, halafu umeficha ugonjwa wa kwanza chini ya wa pili. Kabla ya kugusa chochote chora alama kwa kalamu pale kilipokuwa. Na kama mistari hiyo imekuja yenyewe, mwanga umefurika na TV inajizima, pima umeme wa volti 180 hivi unaokwenda kwenye bodi ndogo iliyovaa shingo ya tyubu. Mara nyingi ni kapasita ya maikrofaradi 10, volti 250, au resista, kifaa cha kupunguza umeme, iliyokatika njiani.

Rangi moja ikipotea kabisa, gonga kidogo bodi hiyo hiyo ya shingoni kwa mpini wa plastiki. Ikienda na kurudi, ni risasi iliyopasuka.

Sasa usalama, na hapa sina utani. TV ya inchi 21 ina volti zipatazo 25,000 kwenye kile kifuniko cha mpira kilichobandikwa mgongoni mwa tyubu, na kapasita kubwa ya umeme wa kuingilia inabeba zaidi ya volti 300. Kuchomoa plagi hakuziondoi papo hapo. Kama wewe si fundi, usifungue. Fundi aifunge bisibisi yenye mpini mzuri kwa waya kwenye ule ukanda wa nyuzi za waya unaopita mgongoni mwa tyubu, aipenyeze chini ya mpira, mkono mmoja ukiwa nyuma, kisha arudie tena baada ya dakika chache kwa sababu chaji hujirudisha. Ile kapasita kubwa nayo aitoe umeme kwa resista.

Mwaka wangu wa pili wa kazi niliruka hatua hiyo. Umeme ulinipiga kwenye kidole, nao haukuniumiza sana, lakini mkono ulirudi kwa nguvu ukagonga shingo ya tyubu. Nikasikia "fyuuu", hewa inaingia. Lile doa la rangi ya fedha ndani ya kioo cha shingo likageuka jeupe kama maziwa mbele ya macho yangu. Tyubu ya mteja, nzima, ilikufa mkononi mwangu, na mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi ananisubiri. Nilimlipa kwa miezi mitatu.

TV ya bibi wa Ngamiani niliiacha inawaka mchana kutwa, ili kama kuna kiungo kingine kilicholegea kionekane mapema. Jioni mjukuu alikuja na mkokoteni. Nilimwambia aiweke mbali na dirisha la upande wa bahari, na asiweke juu yake kitambaa kinachoziba matundu ya kupumulia.