Ukiiga tao la umeme kwenye kompyuta, anza na uso wa elektrodi

Fungua kontakta (swichi kubwa ya umeme) ya mashine ya kusaga iliyotumika sana, kama zile zinazoletwa kwa mafundi wa Mwanga hapa Kigoma. Vile vidonge vya fedha vinavyogusana utavikuta vimechimbika vishimo, na pembeni masizi meusi. Madini yamekwenda wapi? Sehemu yake imegeuka mvuke ndani ya tao la umeme, ule mwako unaoruka hewani kati ya vidonge vinapoachana.

Vijana wanaotaka kuiga jambo hilo kwenye kompyuta hukimbilia katikati ya tao, kwenye maelfu ya nyuzi joto. Ushauri wangu: nguvu zako zipeleke kwenye joto la uso wa elektrodi, yaani kile kipande cha metali ambako tao linaanzia au kuishia, kama vile vidonge. Chukua mfano wa elektrodi ya shaba: ikiwa kwenye nyuzi 1,236 hivi za Selsiasi, kanieneo (mgandamizo) ya mvuke wake ni takriban paskali 1. Ipandishe hadi kama 1,577, inakuwa takriban paskali 100. Yaani nyuzi 340 tu zimezidisha mvuke karibu mara mia! Ndiyo maana mimi huandika kwanza programu ndogo ya joto ndani ya elektrodi yenyewe, nikaihangaikia mpaka nikaiamini, ndipo nikaongeza tao. Na usisahau kwamba mvuke ukitoka huondoka na joto. Ukiliacha hilo, uso utachemka kupita kiasi.

Kwa kiasi kinachotoka, tumia kanuni ya Hertz na Knudsen, inayokadiria mvuke unaotoka kwenye uso kutokana na joto na kanieneo yake, lakini ichukulie kama kikomo cha juu. Hewa iliyo juu ya uso huzuia, na atomu nyingine hurudi zilikotoka. Hata mvuke unapotoka kwa kasi ya sauti, mwanafizikia Anisimov alionyesha mwaka 1968 kwamba karibu asilimia 18 hurejea.

Kisha mvuke huo unalibadilisha tao lenyewe. Atomu ya shaba hupoteza elektroni kwa eV 7.7 (eV, elektroni-volti, ni kipimo cha nishati), ya nitrojeni iliyomo hewani inadai 14.5, kwa hiyo mvuke kidogo tu hurahisisha umeme kupita. Rudia hesabu mpaka pande zote mbili, elektrodi na tao, zikubaliane, na uhifadhi faili kila hatua. Umeme ukikatika usiku hutaanza upya.

Mwisho pima uzito ambao elektrodi imepoteza, uulinganishe na hesabu yako. Mizani ya sonara inatosha kwa elektrodi ndogo iliyochomwa muda mrefu. Ila angalia kwa lenzi pia: ukiona vitone vilivyoganda pembeni, sehemu ya uzito uliopotea iliruka ikiwa kimiminika, na hiyo usiitoze kwenye hesabu ya mvuke.