Kingatiba haimezwi kijijini? Anza na wenye matende na mabusha

Mwanangu mleta uzi, umeuliza jambo ambalo nimeishi nalo. Unasema umepangiwa kazi ya maendeleo ya jamii kwenye halmashauri moja ya Lindi, mkutano wa afya ukiitishwa watu hawafiki, kingatiba ya matende na mabusha, yaani vidonge vya kuzuia ugonjwa wanavyopewa watu wote, ikigawiwa vidonge vingi vinarudi kwenye makopo, na wenzako ofisini wanakwambia watu wa kusini ni wagumu kubadilika. Mimi ni mama wa kijijini, huku bonde la Lukuledi. Nimekuwa mgawa dawa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii kwa miaka mingi. Nakujibu kwa niliyoyaona, na hao wenzako sikubaliani nao hata kidogo.

Watu wetu wanahesabu. Mradi wa afya unakuja mara moja kwa mwaka na gari lenye spika. Unaita watu wazima wenye nguvu zao, unawapa vidonge, unaondoka. Njiani gari hilo limepita mbele ya nyumba ya mzee aliyeacha kwenda msikitini kwa sababu ya busha, na ya bibi ambaye mguu wake haujaingia kiatu tangu wajukuu hawajazaliwa. Hakuna aliyeshuka kuwasalimu. Halafu jioni unapita na rejesta mlangoni, mtu anakuuliza: "Kama dawa yenu ni ya mabusha, mbona mzee fulani alimeza mwaka juzi na busha lake liko palepale?" Swali hilo ndilo linalorudisha vidonge kwenye kopo. Ni swali la mtu mwenye akili timamu, na anastahili jibu lililonyooka.

Jibu lenyewe ni hili, na ulijue vizuri kabla hujasimama mbele ya watu. Ugonjwa unaletwa na minyoo wembamba sana wanaoenezwa na mbu. Minyoo wakubwa wanakaa kwenye mishipa ya limfu, wanaishi miaka 6 hadi 8, na muda wote huo wanazaa watoto wengi mno wanaoingia kwenye damu. Watoto hao hutembea kwenye damu usiku, saa ambazo mbu wanauma, ndivyo wanavyochukuliwa kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Vidonge tunavyogawa, ivermektini na albendazoli, vinawafagia hao watoto kwenye damu. Wazazi wao hawafi wote, kwa hiyo dozi inarudiwa kila mwaka, angalau miaka 5, na inatakiwa wameze si chini ya asilimia 65 ya watu wote wa eneo, mbu wakose cha kubeba. Mtu unaweza kuwa na minyoo hao miaka na miaka bila dalili yoyote, ndiyo sababu anayejiona mzima naye anapewa. Lakini mguu uliokwisha kuvimba hauponi kwa kidonge, kwa sababu mishipa imeshaharibika. Na busha la maji dawa yake ni upasuaji.

Sasa ukimwambia mtu ukweli huo ukaishia hapo, umemwambia kwamba mzee wake hana chake. Huku kwetu kazi iligeuka tulipoacha kuanza na vidonge tukaanza na wagonjwa.

Tulikuwa wawili, mimi na mgawa dawa mwanaume, na hilo usilichukulie juu juu. Hakuna mzee wa Kimwera wala wa Kimakonde atakayemweleza mwanamke habari za busha lake, hata kama nimekua mbele ya macho yake. Mwenzangu alikuwa anakaa nao kwenye bao chini ya mwembe, hasemi neno la ugonjwa siku ya kwanza wala ya pili. Mimi nikaingia majumbani kwa kina mama wenye matende. Wenyeviti wa vitongoji walitusaidia kujua nani yuko wapi, maana wengine wamefichwa. Kuna mama nilimkuta chumba cha uani, watoto wake wanasema kwa watu kwamba amekwenda kwa ndugu zake Nachingwea.

Kinachomtesa mwenye matende kuliko uzito wa mguu ni homa. Inamshika ghafla, mguu unawaka moto, mitoki inamtoka, anatetemeka, analala siku kadhaa hawezi hata kupepeta unga. Homa hiyo inatokana na bakteria wanaoingia kupitia vidonda vidogo na ukungu katikati ya vidole, na kila ikirudi inaacha mguu umekuwa mkubwa zaidi. Ukizuia vidonda, umezuia homa. Kinachohitajika ni beseni, maji safi ya kawaida yasiyo ya moto, sabuni ya mche, na kitambaa safi. Unaosha kuanzia goti kushuka, taratibu, unapitisha vidole vyako kila mkunjo na kila katikati ya vidole vyake, unasuuza mpaka sabuni iishe, unakausha kwa kugusagusa bila kusugua. Penye ukungu unapaka dawa ya zahanati. Akikaa, mguu uwekwe juu ya kigoda. Akilala, uinuliwe kwa mto. Asubuhi na jioni azungushe kifundo, isipokuwa siku za homa, hapo apumzike na apelekwe zahanati. Wasimchanje chale, wasimkande kwa maji ya moto wala majani ya kuunguza.

Mgonjwa wa kwanza nilimwosha mwenyewe, kwa mikono yangu, kibarazani, watu wanaona. Nilifanya hivyo makusudi. Watu wengi waliamini mguu ule umetokana na kukanyaga kitu kilichotegwa, na kwamba anayeugusa naye utampata. Mkamwana wake alisimama mbali. Baada ya wiki chache harufu ilikwisha, vidonda vikafunga, na mkamwana ndiye akawa anaosha. Mguu haukurudi kuwa kama wa zamani, na sikumwahidi hivyo. Lakini msimu ule wa mvua homa haikumlaza kama ilivyozoea, na alipalilia mihogo yake. Majirani waliliona hilo bila spika yoyote.

Maji ndiyo mtihani mkubwa, na hapa miradi mingi inaongea kama watu waliozaliwa karibu na bomba. Kiangazi visima vyetu vinashuka, ndoo inauzwa, na kwa wenzetu wa uwanda wa Makonde, Newala na Tandahimba, maji yamekuwa tabu tangu enzi za wazee kwa sababu yanasukumwa kutoka bondeni. Ukimwambia mtu aoshe mguu kila siku, umemwambia mtu mwingine wa nyumba hiyo, mara nyingi binti, ateke ndoo ya ziada. Sisi tulilipeleka kwenye kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Wanakikundi walikubali mfuko wa jamii ununue sabuni na mabeseni, na nyumba yenye mgonjwa itangulie kwenye foleni ya kisima. Fundi wa katambuga, viatu vya matairi, naye alikubali kushona za vipimo, zenye mikanda ya kulegeza, maana kiatu cha dukani hakiwaingii.

Mabusha yalichukua muda zaidi. Upasuaji wenyewe si mkubwa, unafanyika hospitali nyingi za huku, na zipo nyakati Serikali na wahisani wanaandaa kambi ambapo wagonjwa wanafanyiwa bila malipo. Tatizo ni aibu, nauli, na hofu kwamba ukipasuliwa uanaume unakwisha. Mwenzangu hakubishana nao. Alikwenda na mzee mmoja hospitali, akalala naye huko, akarudi naye. Mzee alikaa nyumbani mpaka kidonda kikapona, kisha Ijumaa moja akavaa kanzu akaenda msikitini, akarukuu na kusujudu kama watu wengine. Huko barazani walimhoji wenyewe maswali yao yote, ya hospitali na ya chumbani, na aliwajibu. Waliofuata walikuja wenyewe kumtafuta mwenzangu usiku, mmoja mmoja. Nauli alichangia shehe kutoka kwenye sadaka, na chama cha msingi cha korosho kikatoa kidogo.

Mwaka uliofuata tulipopita na kijiti cha kupimia urefu na rejesta, hatukuhitaji kushawishi kama zamani. Waliobaki na maswali tuliwajibu, na hapa nikupe machache utakayokutana nayo.

Utaambiwa busha linatokana na madafu. Usicheke. Wazee wa pwani wameliona busha kwenye minazi kwa sababu palipo na minazi pana joto, unyevu na mbu. Mwambie aendelee kunywa madafu yake, ila alale ndani ya chandarua. Utaambiwa habari za mumiani. Hii ina mzizi wake: zamani wataalamu walikuja kupima damu usiku wa manane, kwa kuwa ndipo watoto wa minyoo wanapoonekana, na mgeni anayechukua damu usiku kijijini ataitwa nini tena? Siku hizi kuna kipimo cha kidole kinachofanyika hata mchana. Liseme hilo wazi kabla timu haijafika. Na utaambiwa vidonge vinaumiza. Ni kweli baadhi wanapata kichwa, homa, kizunguzungu, kuwashwa, na mara nyingi ni wale wenye minyoo wengi, kwa kuwa minyoo wanakufa mwilini. Waambie mapema, wale chakula kwanza, na uwepo kijijini kesho yake kuwapitia. Mgawa dawa anayegawa na kutoweka ndiye anayezaa uvumi.

Kijiti usikidharau pia. Ivermektini hupimwa kwa urefu: sentimita 90 hadi 119 kidonge kimoja, 120 hadi 140 viwili, 141 hadi 158 vitatu, kuanzia 159 vinne. Wajawazito, mama aliyejifungua ndani ya wiki moja na mgonjwa mahututi hawapewi. Ukiwagawia watu kwa makadirio ya macho, mmoja akidhurika, umefunga milango ya miaka mitano.

Halafu kalenda. Mipango inapangwa mezani kwa miezi ya bajeti, wakati kijiji kina miezi yake. Mwezi wa sita na wa saba watu wanapuliza salfa kwenye mikorosho. Kuanzia mwezi wa kumi wanaokota korosho, familia nzima inahamia kwenye vibanda vya shambani, na ukija na rejesta unakuta kuku na vikongwe. Ramadhani ukigawa mchana umepoteza siku; gawa baada ya futari. Siku za jando na unyago, kwa upande mwingine, ni neema: watu wamekusanyika, na makungwi wanasikilizwa kuliko sisi sote. Siku ya mnada wa korosho vilevile, watu wako ghalani na wana nafasi ya kusikia.

Haya hayako kwenye matende peke yake. Vyandarua vya kugawiwa wanafunzi shuleni vilianzia huku kwetu mwaka 2013, Lindi, Mtwara na Ruvuma, na vimeingia majumbani vizuri kwa sababu mtoto anakuja na kitu mkononi. Ukitaka mfano wa upande wa pili, kulikuwa na kazi ya Mtunze Mtoto Mchanga, kina mama wa kujitolea wakitembelea wajawazito na wazazi majumbani katika wilaya 6 za Lindi na Mtwara. Nawaheshimu sana wale kina mama. Mambo mengi ya malezi ya mtoto yalibadilika kweli, lakini tathmini iliyochapishwa 2015 haikuona vifo vya watoto wachanga kupungua kwa sababu ya kutembelewa. Mimi nalisoma hivi: maneno mazuri nyumbani yanamfikisha mama mlangoni pa zahanati, na baada ya hapo lazima ndani kuwe na mkunga, dawa na taa. Mkiandaa Siku ya Afya na Lishe ya kijiji, hakikisha kuna huduma inayotolewa palepale, vinginevyo msiwatoe watu shambani.

Umeuliza pia kama watu wa kujitolea wanatosha. Hawatoshi. Mwaka 2024 Serikali ilizindua mpango wa kuwafundisha na kuwalipa wahudumu wa afya ngazi ya jamii nchi nzima, na hilo tumelisubiri kwa muda mrefu sana. Ombi langu kwako uliye ofisini: wanapochaguliwa wa kijiji chako, uchaguzi ufanyike kwenye mkutano mkuu wa kijiji, awepo mwanaume na mwanamke, na wawe wakazi kweli, maana kijana wa mjini aliyeletwa na jina lake tayari kwenye karatasi atahama kabla ya mvua za pili.

Kwa kuanzia, mwezi huu pita kwa mganga mfawidhi wa zahanati na wenyeviti wa vitongoji, mwandike wagonjwa wote wa matende na mabusha, kwa siri, orodha ikae zahanati. Ulizia hospitali ya wilaya ratiba ya upasuaji na gharama zake. Kwenye bajeti weka sabuni, mabeseni, dawa ya ukungu na nauli ya wagonjwa pamoja na msindikizaji mmoja mmoja. Kifungu cha fulana na mabango kipunguze kigharimie hivyo. Ukikwama kwenye namna ya kuosha mguu, andika hapa, nitakuelekeza hatua kwa hatua, au kama uko upande wa Mtama au Nyangao niambie, nitakuja na beseni langu.